Je, wajua kwa nini Git ya Debian iliikwepa OpenSSL kwa miaka mingi?

Anayetumia Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) kwenye Debian au Ubuntu (mifumo endeshi huria ya Linux) huenda amewahi kugombana na ujumbe huu: "gnutls_handshake() failed". Hiyo GnuTLS, maktaba ya usimbaji (msimbo ulio tayari wa kulinda mawasiliano), imetokea wapi, ilhali OpenSSL ndiyo maktaba ya aina hiyo iliyoenea kuliko zote? Imeletwa na leseni.

Wengi huamini kwamba programu mbili zikiwa huria, basi zachanganyika tu. Leseni huria nayo ina masharti, na masharti hugongana. Hata wanaolijua hilo hutarajia ugomvi uwe kati ya GPL, leseni huria inayotumiwa na Git, na kampuni fulani yenye siri zake. Hapa kilicholeta balaa ni sentensi moja ya matangazo. Leseni ya zamani ya OpenSSL, iliyofuata mtindo wa leseni huria ya BSD ya awali, ilitaka kila tangazo linaloitaja programu hiyo litambue pia kazi ya mradi wa OpenSSL. Nayo GPL toleo la 2, ambalo ndilo la Git, kifungu cha 6, inamkataza msambazaji kumwongezea mpokeaji kizuizi chochote kisichokuwemo.

Chukua sufuria ya pilau ya shughuli. Aliyetoa mchele kasema: "Gaweni, ila mlaji asiwekewe sharti nisiloliweka mimi." Aliyetoa nyama kasema: "Kuleni, ila atakayeinadi pilau hii anitaje." Ombi jepesi kabisa, hata la kiungwana. Lakini mwenye mchele hakuuliza uzito wa sharti. Alikataa sharti jipya lolote, liwe dogo kama punje. Vikishapikwa pamoja, huwezi kuwatii wote wawili. Ukijipikia na kula mwenyewe hakuna wa kukuuliza. Kesi huanza unapompakulia jirani. Kwa hiyo aliyejijengea Git yenye OpenSSL kwenye kompyuta yake hakukosea, ila Debian ingeigawa ingekosea.

(Iwapo kuunganisha maktaba programu inapowashwa ni "kupika pamoja", wanasheria bado wanabishana. Free Software Foundation, waandishi wa GPL, husema ndiyo.)

Kuna kioja zaidi. GPL toleo la 2 inazisamehe maktaba zinazokuja na mfumo endeshi, isipokuwa pale maktaba inaposambazwa pamoja na programu yenyewe. Mlango huo ukawafaa wengine wote, ukamfungia mtengenezaji wa mfumo endeshi.

Njia za kutokea ni chache: kubadilisha maktaba, kama Debian ilivyochukua GnuTLS, wenye hakimiliki kuandika ruhusa maalumu, kama walivyofanya wa wget (programu ya kupakua faili), au maktaba kubadili leseni. Hii ya mwisho ni ya jasho, kwani mwaka 2017 OpenSSL ilianza kuwaandikia mamia ya wachangiaji wake kuomba ridhaa. Toleo la 3.0 likatoka Septemba 2021 chini ya leseni huria ya Apache 2.0.

Leseni hiyo inapatana na GPL toleo la 3. Kwa toleo la 2, Free Software Foundation inasema haipatani, kwa sababu ya vifungu vyake vya hataza (haki za uvumbuzi). Na faili ya leseni ya Git inaanza kwa kutamka kwamba toleo linalotambulika ni la 2 tu.