Ignaita haiuawi na jua la Masasi

"Jua la Kusini ndilo linaloua ignaita." Kauli hii, kuhusu kifaa cha umeme kinachoamuru cheche za plagi, utaikuta gereji nyingi kuanzia Lindi mjini hadi Newala, hasa msimu wa korosho, Oktoba kuendelea, joto linapopanda. Lakini pigeni hesabu. Nje ni nyuzi 32 hivi, wakati maji ya injini iliyopata moto yako karibu na 90, na ekzosi iko juu zaidi ya hapo. Jua ni mchango mdogo tu. Ignaita hujipasha yenyewe: ndani yake kuna transista inayoruhusu na kukata umeme wa koili (inayotoa volti kubwa za cheche). Injini ya silinda nne yenye distribyuta (kigawa cheche kwa plagi), ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inaidai cheche 6,000 ndani ya dakika hiyo hiyo. Transista za namna hiyo nyingi zina ukomo wa nyuzi 150 hivi. Joto lisipopata pa kutokea, itakufa hata gari likiwa Njombe.

Kwa hiyo cha kuangalia kwanza ni mahali ilipofungwa. Wengi wanaamini kazi ya kubadilisha ni skrubu mbili tu, fungua hii, weka ile. Fundi anakuta utando mweupe chini ya ignaita ya zamani, anaudhania uchafu, anaufuta, kisha anafunga mpya ikiwa kavu. Utando ule ni pasta ya kupitisha joto, jamaa wa ile ambayo mafundi kompyuta hupaka kwenye prosesa. Safisha chuma cha chini na mgongo wa ignaita, visibaki na kutu, rangi wala mchanga (na barabara zetu za vumbi, mchanga hauna aibu). Paka pasta nyembamba iliyoenea kote, maana ikiwa nene nayo inazuia joto. Kisha kaza skrubu zote. Kama ignaita imekuja na pasta yake kwenye boksi, tumia hiyo. Grisi ya beringi haifai.

Kuna wanaoizungushia mpira au karatasi ya alumini "isipigwe na moto". Hapo umeifungia joto lake ndani. Bati la kukinga husaidia pale tu linaposimama kati ya ekzosi na ignaita bila kuigusa, na hewa inapita.

"Ikizima, mwagia maji, itawaka." Kweli, mara nyingine inawaka, na ndiyo maana dhana hii haifi. Kilichosaidia ni kupoa, na ungesubiri nusu saa kivulini pengine ungepata matokeo hayo hayo. Maji yakiingia kwenye soketi, hasa ya kisima cha pwani chenye chumvi, baada ya wiki chache utaona ukungu wa kijani kwenye pini. Hapo una ugonjwa wa pili. Tena gari kuzima likiwa la moto si ushahidi kwamba ignaita imekufa. Pampu ya mafuta na sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) nazo hufanya hivyo hivyo. Angalia kama plagi inatoa cheche kabla gari halijapoa, ukitumia kipimo chake, usishike kwa mkono. Cheche zikiwepo, ignaita iache ilipo.

Kung'oa thamostati (vali ya maji ya kupoza injini) ili injini ipoe? Usifanye. Kama gari linachemsha, tafuta rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka.

Wenye Toyota IST na ndugu zake husema haya hayawahusu kwa kuwa hawana distribyuta. Yanawahusu: ignaita imo ndani ya kila koili, juu kabisa ya plagi. Plagi ikilika na uwazi wake kupita kipimo, koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi kwa kila cheche, na insulesheni yake inachoka mapema. Wenye dizeli ndio wanaoweza kufunga ukurasa hapa.

Na kama umebadilisha ignaita, ikafa tena muda si mrefu, usikimbilie kulaumu spea feki, ingawa zipo. Mwambie fundi umeme apime chaji injini ikiwaka. Kawaida ni kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, tengeneza alteneta (inayochaji betri) kwanza, na ukague waya wa hasi unaofungwa kwenye injini, kwa sababu hewa ya bahari pale Mikindani huula taratibu chini ya boliti, mahali usipoona mpaka ufungue.