Je, wajua kwa nini chatne ya avokado inataka mchicha ndani?

Hapa Mombasa avokado wengi twaila na chumvi na ndimu, au inapigwa juisi basi, na mchicha unapikwa kivyake na tui la nazi. Lakini ukivisaga pamoja unapata chatne nzito ya kuchovya muhogo au viazi karai, na hivi viwili vinasaidiana kweli.

Mchicha una beta-karotini, ile mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho, na una vitamini K pia, sasa hizi zote haziyeyuki kwa maji, zataka mafuta, yani ukila mchicha uliochemshwa mkavu bila mafuta yoyote nyingi zinapita tu. Avokado karibu asilimia 15 ya nyama yake ni mafuta, mengi ni ya aina ileile ya zeituni, na hayo ndiyo yanazibeba hadi mwilini. Tui pia lafanya hiyo kazi, ila avokado ina nyuzinyuzi nyingi na haitaki moto.

Shida ni rangi. Avokado ikikatwa, vimeng'enya vyake, yani protini zinazochochea mabadiliko ndani ya tunda, vinakutana na hewa inaanza kuwa nyeusi, na joto hili letu ndio linaharakisha. Ndimu inazuia, ukali wake unavilaza vile vimeng'enya. Lakini ndimu hiyohiyo haipendani na mchicha! Asidi inang'oa madini ya magnesi kwenye ile kijani ya majani, pole pole inageuka rangi ya mboga iliyopitiliza jikoni.

Kwa hivyo mi mchicha nautia kwa maji yanayotokota dakika moja tu, nautoa mbio naingiza kwa maji ya barafu, halafu nakamua kwa mikono miwili mpaka unabaki donge dogo kama yai, maana ukiacha maji chatne itakuwa uji. Kwenye kinu natanguliza thomu, chumvi, pilipili mbichi na kotmiri, nikishaponda natia mchicha, halafu avokado iliyoiva, ile ukiibonyeza karibu na kikonyo inaingia kidogo. Ndimu mwisho kabisa, watu washakaa mkekani.

Ikibaki, funika na plastiki iguse chatne yenyewe, hewa isipate pa kukaa, uweke frijini uimalize kesho yake. Ile kokwa watu wanaacha katikati ya bakuli inazuia weusi pale ilipokalia tu.