Sumaku ni Nini, na kwa Nini Chuma Hugeuka Sumaku

Sumaku ni kitu chenye uwezo wa kuvuta chuma na metali nyingine chache, hasa nikeli na kobalti, hata kabla ya kuzigusa, na ambacho kikining'inizwa huru hujielekeza upande wa kaskazini na kusini. Maana hii inayofundishwa tangu shule ya msingi ni sahihi, lakini inataja matendo ya sumaku bila kueleza chanzo chake. Mwanafunzi anayeishia hapo hukariri orodha ya sifa zinazoonekana kutohusiana, ilhali karibu zote zinatokana na jambo moja, nalo ni mpangilio wa sehemu ndogo zilizomo ndani ya chuma chenyewe.

Kwa mwanafunzi wa Kigoma, sumaku ya kujifunzia haiko mbali. Mafundi redio wa Mwanga na Ujiji huwa na spika zilizokufa, na nyuma ya spika kubwa mara nyingi kuna pete nzito yenye rangi ya kijivu iliyokoza. Hiyo ni sumaku ya feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochanganywa na madini mengine, kisha ikachomwa kwa joto kali hadi ikawa kigae kigumu. Ilaze pete hiyo, weka karatasi juu yake, nyunyiza unga wa chuma uliodondoka kwenye tupa ya fundi wa kuchomelea, halafu igonge karatasi taratibu kwa kidole. Unga utajipanga kwa mistari inayosongamana penye nguvu kubwa na kuachana kadiri unavyosogea mbali. Eneo hilo lote linalozunguka sumaku, ambamo nguvu yake husikika, huitwa uga wa sumaku.

Sehemu ambazo nguvu ni kubwa zaidi ndizo ncha, na kila sumaku ina ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Vitabu huchora sumaku ya mche yenye ncha mwisho huku na mwisho kule, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huitafuta ncha ya pete ya spika kwenye ukingo wake. Katika pete hiyo ncha ziko kwenye nyuso mbili bapa: uso mmoja wote ni kaskazini na wa pili ni kusini. Ncha zinazofanana hukimbizana na zisizofanana huvutana. Kukimbizana ndicho kipimo cha uhakika cha kutambua sumaku, kwa kuwa chuma cha kawaida nacho huvutwa na ncha yoyote ile, lakini hakiwezi kuikimbiza. Mtihani ukiuliza namna ya kutofautisha sumaku na kipande cha chuma, jibu linalotegemea mvuto peke yake halitoshi.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo mno, kwa sababu ya elektroni zake, na atomu nyingi zilizo jirani huelekea upande mmoja na kufanya kitongoji kiitwacho domeni. Katika msumari wa kawaida domeni ni nyingi na kila moja ina mwelekeo wake, hivyo nguvu zake hufutana na msumari hauvuti chochote. Sumaku ikikaribia, hali hubadilika. Fikiria mitumbwi iliyotia nanga Kibirizi: ziwa likitulia kila mmoja huelekea kwake, lakini upepo ukivuma yote hugeuza omo upande mmoja. Ndivyo domeni zinavyofuata uga unaotoka nje, na papo hapo msumari wenyewe unakuwa sumaku. Chuma laini hupoteza mpangilio huo mara sumaku inapoondolewa, na chuma cha pua hubaki nao kwa muda mrefu. Sufuria ya alumini na waya wa shaba havivutwi kwa namna ya kuonekana, kwa kuwa havina domeni za kupangwa.

Ukishaelewa hivyo, mengine hufuata yenyewe. Kuisugua sindano kwa ncha ya sumaku mara nyingi, kwa kuelekea upande mmoja tu, hupanga domeni zake. Joto huzivuruga: chuma kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi hakishiki tena usumaku. Kugonga nako huvuruga, ingawa hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita: kugonga hulegeza domeni, na zikilegea hufuata uga wowote uliopo, hata ule wa dunia. Kwa njia hiyo meli za zamani zilizounganishwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zinazogongwa ili kushikanisha mabamba, zilipata usumaku wakati wa kujengwa, na dira ya meli ya chuma huhitaji kurekebishwa ili isidanganywe na meli yenyewe. Liemba, ambayo vipande vyake vilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa hapa Kigoma, ni meli ya aina hiyo.

Pete ya spika ikianguka huvunjika, na kila kipande hubaki na ncha zake mbili, hata kiwe kidogo namna gani. Jaribu kuvirudisha vipande mahali pake kwenye ufa uleule: vitakataa na kusukumana, kwa sababu nyuso za ncha moja zimekaa ubavu kwa ubavu. Pindua kipande kimoja juu chini, navyo vitashikana.

Mwaka 1600 William Gilbert wa Uingereza alieleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na ndiyo maana dira hufanya kazi. Ncha ya kaskazini ya dira huvutwa kuelekea kaskazini kwa sababu huko, kisumaku, iko ncha ya kusini ya dunia. Aidha, uga wa dunia haulali sambamba na ardhi kila mahali. Mstari ambao uga huo hulala sawasawa hupita Afrika kwenye maeneo ya Ethiopia na Nigeria, mbali kaskazini mwetu. Kwa hiyo sindano iliyoning'inizwa kwa uzi katikati kabisa, ikasawazika kabla ya kusuguliwa, ikishakuwa sumaku hapa Kigoma ncha yake ya kusini huinama. Watengenezaji wa dira huongeza uzito kidogo upande wa pili ili mshale usikwame.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona mshale wa dira ukicheza karibu na waya wenye umeme, na hapo ikajulikana kuwa mkondo wa umeme huzaa uga wa sumaku. Viringisha waya wa shaba wenye ngozi ya kuzuia umeme kwenye msumari, unganisha na betri kwa muda mfupi tu, maana waya hupata moto, nao msumari utaokota pini hadi utakapokata umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha upande wa pili: sumaku inayosogea kwenye koili, yaani waya ulioviringishwa mara nyingi, huzalisha umeme. Dinamo ya baiskeli hufanya hivyo kwa kuzungusha sumaku karibu na koili, na mpanda baiskeli hulisikia jambo hilo miguuni, kwa kuwa mkondo unaowasha taa nao huunda uga unaopinga mzunguko wa sumaku. Taa ikizimwa kwa swichi, pedali huwa nyepesi kidogo.