Kufiwa ghafla na mwenza: yanayosemwa msibani na ukweli wake

"Usimwonyeshe mwili, ameharibika."

Husemwa kwa huruma, hasa ajali ikiwa mbaya. Tatizo ni kwamba mke aliagana na mumewe asubuhi akiwa mzima, jioni analetewa maneno tu. Asipoona chochote, akili hujichorea picha yake, mara nyingi mbaya kuliko hali halisi, au hukataa kabisa kuamini: miezi kadhaa baadaye bado anasikilizia geti. Uamuzi wa kuona au kutoona ni wa mfiwa mwenyewe.

Kinachoumiza zaidi ni kuingia mochwari bila kuandaliwa. Atangulie ndugu mmoja pamoja na mhudumu, kisha arudi aeleze bila kuficha: jeraha liko wapi, uso umevimba au la, ngozi itakuwa ya baridi kwa sababu ya jokofu, kuna harufu kali ya dawa. Palipoumia pafunikwe shuka. Kama uso hauangaliki, mkono tu unatosha. Mtu huujua mkono wa mwenzake. Aingie na wa kumshika, atoke anapotaka. Na akisema hataki, asisukumwe kwenye foleni ya kuaga eti watu watamshangaa.

"Mpeni kidonge alale."

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza dawa za kutuliza na kuleta usingizi za jamii ya diazepamu kwa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili. Humlewesha siku ambayo angepaswa kuikumbuka, na zikiendelea kwa wiki chache mwili huzizoea. Siku za mwanzo apewe uji na maji kidogo kidogo, na mtu wa kulala naye chumbani. Dawa za kumkumbusha ni zile alizokuwa akitumia tayari, za presha au sukari, maana hizo ndizo zinazosahaulika msibani.

Akilalamika kifua kinabana au pumzi inakata, msiseme ni majonzi. Mshtuko unaweza kudhoofisha misuli ya moyo ghafla. Hali hiyo, takotsubo, ilielezwa kwanza na madaktari wa Japani mwaka 1990, na kwa dalili tu huwezi kuitofautisha na shambulio la moyo. Hospitali, siku hiyohiyo.

"Anasikia sauti ya marehemu, ana mashetani."

Daktari Dewi Rees aliwahoji wajane na wagane 293 huko Wales, akachapisha matokeo mwaka 1971: karibu nusu walikuwa wamemhisi marehemu, wengine wamemwona au kumsikia. Si wazimu. La kuhofia ni sauti inayomwambia amfuate. Hapo asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya.

"Mtoto aambiwe baba amesafiri."

Basi atamsubiri, na kila atakayebeba begi atamtia hofu. Tumieni neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi.

"Arobaini ikipita, yamekwisha."

Arobaini ni ratiba ya shughuli. Hata eda ya miezi minne na siku kumi ni sheria ya kungoja, haipimi uchungu. Zile "hatua tano" za majonzi (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali) nazo zilitoka kwa daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, wala si wafiwa. Majonzi huja na kuondoka bila mpangilio: leo anacheka na watoto, kesho kola ya shati inamwangusha. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, huyaita ugonjwa baada ya miezi sita au zaidi, tena yakiwa makali kiasi cha kumzuia kuishi maisha yake na yakipita desturi za jamii yake.

Kwa kawaida kishindo huja wageni wakishaondoka. Pangeni zamu ya miezi mitatu kabla turubai halijashushwa, kwa majina na siku: nani Jumanne analeta chakula, nani Ijumaa analala hapo. "Ukihitaji chochote sema" haimfai mtu asiye na nguvu hata ya kushika simu.