Mikwaruzo ya kiti cha Churchill isiyopigwa msasa

Wageni wengi wakiingia Churchill War Rooms, pale London, makumbusho ya vyumba ambamo Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliongozea Vita Kuu ya Pili, hutafuta sigara na kofia. Mimi nilitafuta mikono ya kiti. Uhifadhi wa vitu vya mbao ndio unaonilisha, basi macho yangu yameshaharibika, hayaoni kingine.

Kiti chenyewe hakina makuu. Kimo katika chumba cha Baraza la Vita, yaani mawaziri walioendesha vita, chini ya ardhi, karibu na St James's Park. Ncha za mikono yake zimechimbika: huku kucha, huku pete. Churchill alikalia kiti hicho akiongoza vikao, na vidole vyake havikutulia. Baraza lilikutana humo mara 115. Yaliyosemwa yapo kwenye makaratasi ya serikali, lakini yale ambayo hayakusemwa yamebaki kwenye mbao.

Kwa seremala hiyo ni kazi ya nusu siku: puti kidogo, msasa, vanishi. Najua, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa kigoda cha mzee mmoja wa ukoo, kimeshika weusi wa mafuta na jasho. Nikakisugua mpaka kikang'aa. Mjukuu wake, mama wa makamo, alikuja, akakigeuza-geuza, akaniuliza, "Mwanangu, na kile cha babu kiko wapi?"

Tangu siku hiyo, kabla sijashika pamba na dawa, najiuliza kwanza: uchafu huu umeletwa na nani? Vumbi la jana naliondoa. Jasho la mwenye kiti siligusi.

Chumba cha ramani ndicho kilichonishika zaidi. Maofisa walikesha humo kwa zamu usiku na mchana tangu Agosti 1939, wakazima taa tarehe 16 Agosti 1945, siku moja baada ya ushindi dhidi ya Japani kutangazwa. Ramani zikabaki ukutani. Misafara ya meli ilifuatwa kwa pini, na pini zilihamishwa kila meli ziliposogea, kiasi kwamba njia ya Atlantiki imetoboka kama chekeche. Karatasi ya namna hiyo inauawa na mwanga polepole, na kilichofifia hakirudi. Ndiyo maana sisi wahifadhi tunabana taa, hata wageni wakinung'unika kwamba hawaoni vizuri.

Si kila kitu humo kilibaki mahali pake, lakini. Vyumba kadhaa viliondolewa samani baada ya vita, vikaja kurudishwa katika sura yake kabla na baada ya kufunguliwa kwa umma mwaka 1984. Mgeni afaa ajue lipi ni lipi. Samani ya enzi ileile iliyoletwa baadaye ni ushahidi wa enzi, si wa mtu.

Sehemu inayohusu maisha ya Churchill iliongezwa mwaka 2005, na hapo kazi inakuwa ngumu kuliko mbao. Churchill aliyeikabili Ujerumani ya Hitler ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu tena serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Kenya dhidi ya Mau Mau, Oktoba 1952. Bibi wa Kenya aliyefungiwa kijijini kwa seng'enge wakati huo akiletwa mbele ya kiti kile, hataona ushujaa tu. Sioni sababu ya kumwambia amekosea. Msasa upo hata kwenye maandishi ya ukutani, na humo haupigi kelele.

Na kuna sukari. Ndani ya droo ya meza ya ofisa mmoja wa jeshi la anga ilikutwa bahasha yenye vipande vitatu vya sukari, akiba yake ya mgawo wa wakati wa vita. Kwetu sisi hicho ni kitu cha kukosesha usingizi: sukari hunywa unyevu wa hewa, hunata, huita sisimizi. Ingekuwa rahisi kuweka mipya mitatu, nani angejua? Lakini kimoja kimekwanguliwa pembeni, kidogo tu, na mtu aliyekuwa anapima utamu wake usiishe mapema.