Selimundu: mbio za sekunde chache ndani ya chembe nyekundu

Wazazi wenye watoto wawili wanaougua selimundu huniuliza swali ambalo watafiti wenyewe wamehangaika nalo kwa miongo kadhaa: iweje ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, waliorithi hitilafu ileile ya jeni, wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja, mmoja alazwe mara kwa mara kwa maumivu na mwingine amalize mwaka mzima bila kuonana na daktari isipokuwa siku ya kliniki? Jibu lake linatufikisha kwenye kiini cha ugonjwa. Linaeleza pia kwa nini dawa ya zamani iliyokuwa ikitibu saratani za damu, na tiba mpya ya jeni inayouzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili, zinafanya kimsingi kazi ileile.

Hitilafu yenyewe ni ndogo mno. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, imejengwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya watu wengine ikipitishiwa umeme, na wakauita huu ugonjwa wa molekuli. Kati ya mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alibaini kwamba tofauti yote ni asidi amino moja: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Himoglobini hiyo, tunayoiita himoglobini S, ikiwa imeshika oksijeni haina taabu. Ikishaiachilia, umbo lake hubadilika, valini ile isiyopenda maji hujipenyeza kwenye kijishimo cha molekuli jirani, na molekuli huanza kushikana moja baada ya nyingine mpaka ziwe nyuzi ndefu, ngumu, zinazousukuma utando wa chembe na kuipinda.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, na ndipo mimi naona jambo lenyewe linaanzia, kwa sababu kinachosahaulika ni muda. Nyuzi hazijengeki papo hapo. William Eaton na James Hofrichter, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba baada ya oksijeni kuondoka hupita kipindi cha kusubiri ambacho ndani yake hakuna kinachoonekana kutokea, kisha kwa ghafla nyuzi hulipuka kwa wingi. Urefu wa kipindi hicho hutegemea mkusanyiko wa himoglobini S ndani ya chembe kwa kiwango cha kushangaza: ukipunguza mkusanyiko huo kidogo tu, muda wa kusubiri hurefuka mara nyingi. Sasa chembe nyekundu huchukua sekunde moja hivi kupenya kwenye vishipa vyembamba kabisa vya damu, na sekunde chache nyingine kurudi mapafuni inakopata oksijeni upya. Chembe iliyowahi kurudi kabla nyuzi hazijaanza hubaki laini. Iliyochelewa hukakamaa ikiwa bado njiani. Ni kama saruji iliyokwisha kukorogwa, ambayo ukiiwahi hutandazika vizuri, lakini ukiiacha hugandia ndani ya karai.

Ushahidi mzuri wa kanuni hii tunao wenyewe, kwa mamilioni, katika nchi zetu. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu ana himoglobini S isiyofika nusu, kwa kawaida asilimia 35 hadi 40, na kwa kuwa mkusanyiko wake ni mdogo, kipindi cha kusubiri huwa kirefu kuliko safari yote ya damu. Ndiyo maana wengi wao huishi maisha yao yote bila kujua kwamba wana jeni hiyo. Isitoshe, wanalindwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu wa jamii mbalimbali za nchi hiyo na kuona kwamba jeni hii ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria nyingi, na ni adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wanaoibeba hawapatwi sana na malaria. Utafiti wa baadaye wa Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia takriban asilimia 90. Kinga hiyo, hata hivyo, haimfai mwenye jeni mbili. Yeye akipata malaria huwa katika hatari kubwa ya kufa, na kumwambia mzazi kwamba mtoto wake mgonjwa “hapati malaria” ni kosa linalogharimu uhai.

Tukishaiweka mbele yetu saa hiyo ya kusubiri, mambo mengi ya kliniki yanaeleweka. Mgonjwa akikosa maji mwilini, chembe zake nazo hupoteza maji, mkusanyiko wa himoglobini S hupanda na muda hufupika. Ushauri wa kunywa maji mengi una fizikia nyuma yake. Baridi hubana mishipa, homa na maambukizi huzifanya chembe nyeupe na kuta za mishipa kuwa za kunatanata, na chembe nyekundu inayonata ukutani inapunguza mwendo mpaka saa yake inaisha. Chembe zinazokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hupasuka mapema: badala ya kuishi siku 120 huishi kati ya siku 10 na 20, na himoglobini inayomwagika kwenye damu huteketeza naitriki oksaidi, kemikali ambayo mwili huitumia kutanua mishipa. Kwa hiyo madhara hayangoji siku ya maumivu. Bandama huharibika mapema utotoni, ndiyo maana watoto hawa hupewa penisilini kila siku dhidi ya bakteria wa nimonia, na figo na ubongo huumia polepole hata kwa mtoto anayeonekana mzima na kwenda shule. Ni ugonjwa wa kudumu wenye vipindi vya ghafla, na ni kosa kuutibu kana kwamba ni vile vipindi tu.

Niseme neno moja kuhusu vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, kwa kuwa kila wiki nakutana na mtoto wa selimundu anayepewa. Damu ya mtoto huyu imepungua kwa sababu chembe zinapasuka, na madini ya chuma yaliyomo ndani yake mengi hubaki mwilini; akiongezewa damu mara kwa mara, chuma hurundikana kwenye ini na moyo. Anachohitaji ni asidi ya foliki, na chuma apewe tu ikiwa vipimo vimeonyesha upungufu. Juisi ya rozela au ya bitiruti haina ubaya, ila haigusi chanzo.

Sasa turudi kwa wale ndugu wawili. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi ya mwanzo, akadhani kwamba kinachowakinga ni himoglobini F, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni mwa mama. Alikuwa sahihi. Himoglobini F hutumia mnyororo wa gama badala ya beta, haijiungi na nyuzi, na kila nafasi inayoijaza ndani ya chembe ni nafasi iliyopunguzwa himoglobini S. Kwa watu wengi uzalishaji wake hufifia katika mwaka wa kwanza, lakini haufifii sawasawa kwa wote, na tofauti hiyo nayo hurithiwa, mbali kabisa na jeni ya selimundu. Ndugu mmoja akibaki na asilimia 15 na mwingine na asilimia 4, wana ugonjwa mmoja kwa jina tu. (Himoglobini F si sababu pekee, wapo pia wanaorithi upungufu wa minyororo ya alfa, nao huwa na mwenendo tofauti.) Wagonjwa wa mashariki ya Saudi Arabia na wa sehemu za India kwa kawaida huwa na himoglobini F nyingi kuliko wetu wa Afrika Mashariki na ya Kati, na ugonjwa wao mara nyingi huwa mwepesi zaidi.

Kutokana na hapo, lengo la tiba lilikuwa wazi kabla ya kupatikana njia ya kulifikia. Hidroksiyurea, dawa iliyokuwa ikitumika kwa saratani za damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache mwaka 1984 na kupandisha himoglobini F. Jaribio kubwa la Marekani la watu wazima 299, lililochapishwa mwaka 1995, lilisimamishwa mapema kwa sababu vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa takriban asilimia 44 kwa waliopewa dawa. Inapunguza pia chembe nyeupe, jambo linalosaidia kupunguza kunata, na huongeza ukubwa wa chembe nyekundu, hivyo kuipunguzia himoglobini S msongamano.

Lakini kushuka kwa chembe nyeupe ndiko kulikotutia hofu Afrika. Je, mtoto anayeishi penye malaria na maambukizi mengine, ukimpunguzia chembe nyeupe, hutamponza? Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na haikuweza kuondolewa kwa takwimu za Marekani. Iliondolewa hapa. Jaribio la Mulago, Uganda, lililochapishwa mwaka 2017, liliwagawa watoto kwa kura kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa, na malaria haikuongezeka. Kisha utafiti wa REACH uliwatibu watoto 606 katika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Msomaji makini atauliza walilinganishwa na nani, na ni haki yake: walilinganishwa na wao wenyewe kabla ya kuanza dawa, katika kipindi kifupi, bila kundi la pembeni, hivyo sehemu ya nafuu huenda ilitokana na kuhudumiwa vizuri zaidi. Hata nikitoa punguzo kubwa kwa sababu hiyo, sioni namna ya kuyapuuza matokeo haya.

Kwa maoni yangu, utafiti wenye manufaa zaidi ni ule uliofuata, nao ulihusu dozi tu. Mulago tena, mwaka 2020, watafiti walilinganisha dozi isiyobadilika ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito na dozi iliyopandishwa taratibu mpaka kiwango cha juu ambacho mwili wa mtoto unakistahimili, ambacho wastani wake ulikuwa karibu miligramu 30. Jaribio lilisimamishwa mapema, maana waliopandishiwa dozi walikuwa na nafuu kubwa zaidi bila sumu kuongezeka. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kumeza dawa kila siku kwa miaka na bado asipate faida yake kamili, kwa kuwa hakuna aliyempima uzito upya wala kurudia picha kamili ya damu ili kujua kama dozi inaweza kupanda. Tena kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, na mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 240 kwa dozi ya kuanzia. Mama analazimika kufungua na kuchanganya, au kumpa siku moja na kuruka nyingine. Nchini Tanzania, ambako makadirio yanayotumika sana ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, tatizo hili la kapsuli linawagusa watu wengi kuliko habari yoyote ya jeni.

Habari hiyo ya jeni nayo ni nzuri. Kati ya mwaka 2007 na 2008 tafiti za vinasaba za watu wenye himoglobini F nyingi zilielekeza kwenye jeni iitwayo BCL11A, na maabara ya Stuart Orkin huko Boston ikathibitisha kwamba ndiyo inayozima uzalishaji wa mnyororo wa gama. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, hutoa chembe mama za mgonjwa, yaani zile zinazozaa chembe za damu, hukata swichi inayoiwasha BCL11A katika ukoo wa chembe nyekundu pekee, kisha huzirudisha. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake ni takriban dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa chembe mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake wa zamani, ambazo zinaweza kumnyima uzazi. Kupandikizwa uboho wa ndugu anayelingana naye, kazi ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iliianza kwa watoto wa selimundu mwaka 2023, nako hudai dawa za aina hiyo.

Si kila njia yenye mantiki ya kemia ilifaulu. Dawa iitwayo voxelotor iliifanya himoglobini iing'ang'anie oksijeni ili isifikie hatua ya kushikana, na kweli kiwango cha damu kilipanda. Wapo wataalamu waliohoji mapema: himoglobini inayong'ang'ania oksijeni itaupa nini ubongo? Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu kuashiria maumivu makali na vifo zaidi.

Ninachokifuatilia sasa ni mgawanyo. Asilimia 20 ya himoglobini F kwenye karatasi ya majibu ni wastani tu. Huenda kila chembe ina kiasi chake, na huenda nusu zimejaa na nusu nyingine hazina kitu, na hizo tupu ndizo zinazokakamaa. Tiba ya jeni huisambaza karibu kwenye chembe zote. Hidroksiyurea hufanya hivyo kwa baadhi ya watoto, hasa walioanza wakiwa wadogo na kwa dozi ya kutosha, na kwa wengine haifanyi. Kujua kwa nini kunahitaji kuhesabu chembe moja moja, kazi inayohitaji mashine ambazo maabara chache za kwetu zinazo, na damu ya watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi.