Je, wajua? Mkate wa baga haukutoka Hamburg

Siku moja nilimharibia shemeji yangu chakula. Tumesimama kwenye kibanda cha chipsi, yeye kashika baga yake ya ng'ombe, mi najifanya mwalimu: hii kitu ni ya Wajerumani wa Hamburg, nyama na huo mkate wake wa mviringo vilikuja pamoja, na hiyo "ham" mwanzoni ni nguruwe, maana zamani ndo ilikuwa nyama yake. Shemeji ni mtu wa swala tano. Akaangalia baga, akaniangalia mimi, akairudisha kwenye sahani taratibu.

Nilikosea karibu kila kitu.

Tuanze na nguruwe, hayumo. Hamburger maana yake ni "ya Hamburg" basi, kama unavyosema samaki wa Tanga. Wamarekani ndo waliolikata neno pasipo pa kukatwa, wakabaki na "burger" ya kubandika popote, ikaja cheeseburger na ndugu zake. Ni sawa na mtu akate Mombasa katikati halafu aanze kuuza kuku-basa na jibini-basa.

Sasa mkate, ambao ndo ulinikosesha usingizi. Kilichohusishwa na Hamburg ni nyama. Karne ya 19 migahawa ya Marekani ilikuwa inauza "steki ya Hamburg", nyama ya ng'ombe iliyosagwa au kukatwakatwa, inaletwa kwenye sahani na unakula kwa uma. Kweli Hamburg wana chakula chao kinaitwa Rundstück warm, mkate mdogo wa duara wenye nyama ya moto na mchuzi juu, na wapo wanaosema huyo ndo babu wa baga, ila ile ni nyama ya kuoka iliyokatwa vipande, sio ya kusaga, na ushahidi wa kuunganisha hivyo viwili ni mwembamba.

Wanaodai kuwa wa kwanza kuiweka hiyo nyama ndani ya mkate wamejaa Marekani. Charlie Nagreen wa Seymour, Wisconsin, inasemwa mwaka 1885 akiwa na miaka 15 alikuwa anauza vidonge vya nyama kwenye maonyesho, watu wanashindwa kula huku wanatembea, akavibana kati ya vipande viwili vya mkate. Louis Lassen wa New Haven, Connecticut, wanampa mwaka 1900, na mgahawa wake wa Louis' Lunch upo mpaka leo. Angalia sasa, hao wote wawili walitumia mkate wa kawaida wa kukata, slesi! Yaani baga ilizaliwa bila ule mkate ambao mimi nilikuwa naapa ndo baga yenyewe.

Skonzi yenyewe, yaani ule mkate wa mviringo, inaingia wapi? Tulsa, Oklahoma, wanasema Oscar Bilby aliwapikia watu baga mwaka 1891 kwenye mikate ya hamira iliyoumuliwa na mkewe Fanny, na mwaka 1995 gavana wa jimbo akatoa tamko rasmi kwamba hapo ndo kwao na baga. Tamko zuri, ila msingi wake ni kumbukumbu za familia, na mi familia yangu pia ina kumbukumbu nyingi. Anayetajwa zaidi ni Walter Anderson, mpishi wa Wichita, Kansas, aliyefungua kibanda mwaka 1916 na kutumia mkate maalum wa baga, kisha mwaka 1921 yeye na Billy Ingram wakaanzisha migahawa ya White Castle, baga senti 5.

Kwa nini skonzi ikashinda slesi? Nilijaribu nyumbani. Nilichukua slesi mbili za boflo nikaweka kababu bapa la moto katikati, nikageuka kutafuta pilipili, kurudi slesi ya chini imelowa mpaka sahani, nikaishika na kidole gumba kikatoboa kikagusa nyama. Slesi imekatwa pande zote mbili, kwahiyo vitundu viko wazi juu na chini kama sponji, mchuzi unaingia huku unatokea kule. Skonzi inakatwa upande mmoja tu, ule wa ndani, nje bado imevaa ngozi yake. Ni sponji iliyovaa koti la mvua. Ukiubabua kidogo ule uso wa ndani kwenye siagi unaongeza kizuizi kingine, maana mafuta na maji hawapatani.

Ila koti likiwa gumu ni balaa jingine, unang'ata mkate unagoma na nyama inachomokea upande wa pili kwenye shati. Ndo maana unga wa baga huwa unatiwa mafuta, sukari, mara nyingi maziwa au mayai. Ukikanda ngano na maji, protini zake zinashikana nyuzi kwa nyuzi kama mkeka, mafuta yanazuia zisikamatane sana, kama nywele ulizopaka mafuta kabla ya kuchana. Aliyewahi kula chapati ya maji matupu iliyolala hahitaji maelezo, ile unavuta kwa meno kama ngozi ya kiatu, yenye mafuta inakatika yenyewe. Sukari nayo inashikilia unyevu, mkate unabaki laini. Mkate wa baga kazi yake ni kukatika kabla nyama haijakimbia.

Na wala mduara sio sheria. Migahawa ya Wendy's ya Marekani tangu 1969 wanaweka nyama ya mraba kwenye mkate wa duara, pembe zinachungulia nje. Louis' Lunch ndo kabisa, mpaka leo wanakupa kwenye slesi zilizobanikwa, na ukiomba ketchapu unakataliwa.

Shemeji nilimtumia meseji ndefu kuhusu yule nguruwe hewa. Alijibu, "Baga ilishapoa."